Grafu ikilingana na jaribio, kazi bado

Wewe unayeanza kutengeneza modeli za namna aloi zinavyobadilika umbo bila kurudi, na muundo wao wa ndani unavyogeuka, nakuanzia na kosa lililonila miezi kadhaa.

Nilikuwa na jaribio la kuvuta shaba na modeli fupi, yaani kanuni chache za hesabu za kulielezea. Ndani ya kila fuwele mna mistari ya hitilafu iitwayo dislokesheni, ambayo Taylor, Orowan na Polanyi waliieleza mwaka 1934, kila mmoja kivyake. Metali hubadilika umbo mistari hiyo inapoteleza, na huzidi kuwa ngumu inaposongamana na kuzuiana. Katika modeli, ugumu huo ni kigezo alfa, mara uthabiti wa metali dhidi ya nguvu inayotelezesha tabaka zake (shear modulus), mara hatua moja ya mtelezo, mara kipeuo cha pili cha msongamano wa dislokesheni. Kanuni nyingine inahesabu zinazozaliwa na zinazofutana.

Mstari wa modeli ulipita juu ya nukta zote za jaribio. Nikaandika ripoti kwa furaha. Mzoefu mmoja akaisoma, akaniuliza swali moja tu: "Mwishoni msongamano ulifika ngapi?" Sikuwa nimeuangalia. Nilipofungua faili nikakuta 10¹⁸ kwa kila mita ya mraba. Maana yake dislokesheni zimeachana kwa nanomita 1, kama atomi nne za shaba! Hapo hakuna fuwele tena. Shaba iliyofuliwa sana ikiwa baridi huwa na 10¹⁵ hivi, na hiyo nayo si haba: ni kilomita 1,000 za mistari ndani ya milimita moja ya ujazo.

Alfa yangu nayo ilikuwa 0.003, wakati kwa metali nyingi huwa kati ya 0.2 na 0.5. Jaribu mwenyewe: zidisha msongamano wote, tangu ule wa mwanzo, kwa 10,000, gawanya alfa kwa 100, zidisha kigezo cha kuzaliana kwa 100. Grafu haitasogea hata kidogo. Jaribio la kuvuta linaona zao la alfa na kipeuo, basi. Programu ya kutafuta vigezo haina kosa hapo, imejibu ulichouliza.

Kwa hiyo funga alfa mapema, kisha pata msongamano kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kuipiga metali eksirei na kupima jinsi vilele vya grafu ya miale inayorudi vinavyotanuka. Halafu weka kando jaribio moja la joto au kasi tofauti, usiliguse unapotafuta vigezo. Modeli ikilitabiri hilo, ndipo mimi huanza kuiamini.

Ukifika kwenye kasi kubwa, kumbuka joto. Takriban asilimia 90 ya kazi ya kubadilisha umbo hugeuka joto. Chuma cha pua au cha kawaida, kikibanwa kwa mkazo wa megapaskali 500 hadi mbadiliko wa umbo wa 0.5 kwa haraka, hupanda nyuzi 60 hivi. Mkazo utashuka kwa sababu hiyo, nawe utadhani umeona ufuwele upya, yaani fuwele mpya kuzaliwa na kuchukua nafasi ya zile zilizojaa dislokesheni.

Kuhusu ukubwa wa vipande vidogo ambavyo programu hugawia umbo ili kulihesabu, punguza nusu, endesha tena, linganisha. Sina zaidi.

Ufuwele upya wenyewe usiusome kwenye grafu peke yake. Simamisha katikati jaribio la kubana metali ikiwa moto, zamisha kipande majini papo hapo, maana kikikaa moto hata sekunde chache chembe mpya zinaendelea kukua na utapima kitu kingine. Kisha kata kipande kupitia kitovu na upeleke hadubini hapo katikati. Nyuso zilizogusana na vyuma vya mashine hushikwa na msuguano. Metali iliyo karibu nazo haikubadilika umbo kiasi ambacho mashine imekuandikia.