Usiitume hiyo barua, kamsomee bibi kwanza

Swali lako nimelisoma nikiwa kwenye Noah natoka Mingoyo kuja Lindi, nikashuka nimevurugwa mpaka chenji nimeisahau. Unaenda Ujerumani Septemba kujitolea mwaka mzima kupitia weltwärts, ule mpango wa Wajerumani wa vijana wa kujitolea. Unataka kila mwezi uandike barua moja isomwe na mama yako Mtwara, wafadhili wa kule na wenzako uliosoma nao. Unauliza WhatsApp au blogu, Kiswahili au Kiingereza, ndefu kiasi gani, na koti ununue wapi. Sawa. Ila chini umebandika mwanzo wa barua yenyewe, na picha ya bibi yako wa Mikindani kakaa mlangoni, "mzee maskini asiyejua hata kuandika jina lake".

Mdogo wangu! Shimo hilo nimeshalitumbukia, bado lina alama ya makalio yangu.

Mimi nilijitolea kwenye nyumba ya kutunza wazee, huko huko Ujerumani. Kabla sijaondoka, jamaa mmoja wa hapa hapa anayejiita mtaalamu wa mitandao alitukusanya vijana sita, akatutoza elfu ishirini kila kichwa na kutupa siri mbili: andikeni kama mnapiga soga na rafiki mmoja, na barua bila picha ni ugali bila mboga. Elfu ishirini! Mpaka leo nikikutana naye stendi namsalimia kwa kidevu. Rafiki mmoja yupi? Nilikuwa na wasomaji mia nne, na kila mmoja alisoma barua yake. Niliandika "nimepewa chumba changu peke yangu", mama akalia kwamba nimetengwa, mjomba akatuma orodha inayoanzia simu na kuishia bodaboda.

Hayo yalikuwa madogo.

Chumba cha mwisho kulikuwa na bibi ambaye kumbukumbu zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mchana nilimlisha supu, na kila kijiko alinishika mkono, utadhani mimi ndiye niliyekuwa naanguka. Siku moja mwenzangu akatupiga picha: bibi ana kitambaa shingoni, supu kidevuni, mimi meno yote nje. Nikaiweka Facebook, na chini yake sentensi iliyonifanya nijione malenga: "Huku wazee hutupwa kama mabibo yakishatolewa korosho."

Lindi nzima ilicheka. Aliyeuona msimu wa korosho ananielewa: korosho inaingia kwenye gunia, bibo linabaki chini na nzi wake, labda libahatike kukamuliwa uraka. Watu wakasambaza. Nikalala fofofo nikiamini Kiswahili ni pazia.

Pazia gani! Chini ya andiko kuna kitufe cha kutafsiri. Mfadhili mmoja akakibonyeza, akamtumia mwenzake, mwenzake akamtumia mwingine. Jumamosi ya pili akaingia binti wa yule bibi. Huyo mama alikuwa haikosi Jumamosi, anakuja na keki ya tufaha, na mimi kipande changu hanisahau. Siku hiyo keki hakuifungua. Akanigeuzia simu. Mashine ilikuwa imeshindwa na "mabibo", imeyaacha vilevile kwa Kiswahili, lakini "hutupwa" ilikuwa imeipatia barabara. Akaniuliza taratibu, kama unavyomuuliza mtoto: "Mimi nimemtupa wapi?"

Kijerumani cha kumjibu sikuwa nacho. Na Kiswahili je? Nacho sikuwa nacho.

Kumbe wenzetu wana sheria ya picha ya mtu tangu 1907, chanzo chake wapiga picha wawili waliojipenyeza kumpiga Bismarck, chansela wao wa zamani, akiwa maiti mwaka 1898. 1907, huku kwetu vita ya Majimaji ndiyo inaishia! Juu yake kuna kanuni za Ulaya za kulinda taarifa, zinazotumika tangu Mei 2018, na habari za ugonjwa wa mtu zimewekewa kufuli zaidi. Na usijidanganye kwamba kwetu ni ruksa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hawakunishtaki. Walinishusha kufulia, miezi mitano ya mashuka. Lakini walikuwa wameshaniahidi nafasi ya kusomea uuguzi palepale, miaka mitatu, unasoma huku unalipwa. Ahadi ikafa kimyakimya. Leo nauza kava za simu Lindi mjini, na kwa kukunja shuka simwoni wa kunishinda mkoa mzima.

Ndiyo maana nina sharti moja tu: aliyemo kwenye andiko alisikie kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa lugha yake, wewe ukimwangalia usoni. Kumuuliza "nikuandike?" akaitikia kwa heshima, hiyo bado. Msomee. Akikunja uso, futa. Kama hana uwezo wa kukubali, kama yule bibi wangu, basi hayumo, andika habari za supu. Ningelazimika kumsomea yule binti, ningeandika "anakuja kila Jumamosi na keki", na kila mtu angeelewa. Mjomba angeomba keki.

Halafu usidhani nakwambia uandike maneno ya kumfurahisha kila mtu. Nilienda makumbusho ya Berlin kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, yale mifupa ya dinosaria yaliyochimbwa huku kwetu Lindi enzi za Wajerumani, mita 13 na ushee kwenda juu, nikaandika kwa hasira neno moja: wezi. Safari hii nikamsomea kwanza Mjerumani aliyenipeleka. Akanyamaza, kisha akauliza: aliyabeba nani yote haya? Nikaenda kutafuta. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi waliitoa mifupa ile porini kwa vichwa vyao hadi bandarini hapa Lindi, na kule kwenye uchimbaji msimamizi wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Nikayaandika yote, na "wezi" nikaliacha palepale. Ndiyo barua pekee ambayo watu wa pande zote mbili walinijibu kwa maswali.

Koti nunua kule, mtumba. Ya blogu watakujibu wengine.

Kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani ni daladala moja. Panda kesho, umsomee bibi hilo la "maskini asiyejua hata kuandika jina lake", kwa sauti, hapo hapo mlangoni pake. Kisha rudi hapa utuambie alikujibu nini.