Baal-zebubu na nzi "zilizomtii"

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Mwalimu, Beelzebuli wa Injili ndiye Baal-zebubu wa Agano la Kale? Nasikia maana yake ni bwana wa nzi. Je, nzi zilimtii kweli?"

Baal-zebubu alikuwa mungu wa Ekroni, mji wa Wafilisti. Katika 2 Wafalme 1, Mfalme Ahazia anaanguka kutoka orofani huko Samaria, anatuma wajumbe wakamwulize mungu huyo kama atapona, na Eliya anawakatiza njiani. Baali ni bwana, mwenye kitu, hata mume. Katika Sura Hud mkewe Ibrahim anamtaja mumewe kwa neno hilohilo la Kiarabu. Zebubu ni nzi, ndugu wa dhubabu ya Kiarabu. Lakini mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa Ras Shamra, Syria, mwaka 1929 yanampa Baali cheo chenye herufi z-b-l, yaani mkuu, mtukufu. Ndiyo maana wataalamu wengi huona kwamba jina la asili lilikuwa Baal-zebuli, na waandishi wa Kiebrania wakaligeuza kwa kejeli: Bwana Mkuu akawa Bwana wa Nzi. Injili za Kigiriki zimebaki na ile l. Kwa hiyo jina ni lilelile, ila katika Injili mwenyewe amekwisha kuwa mkuu wa pepo.

Sasa hizo "nzi zilimtii". Hapo siwezi kupita kimya.

Kila mahali naliona kosa hili. Kwenye banda la mama ntilie kuna karatasi imebandikwa juu ya sufuria: "Funika chakula, nzi zinaleta kipindupindu." Sahani zinaletwa, sawa. Kalamu zinapotea, nyumba zinabomoka, barabara zinajaa maji. Hivyo ni vitu. Nzi ana mbawa, ana miguu sita, anakula, anataga, anakufa. Kiumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-, hata jina lake likiwa na umbo la ngeli ya kalamu na sahani. Na wanaokosea wanalijua hilo, maana akitumbukia mmoja kwenye chai utawasikia: "Nzi ameingia!" Waingie watatu, ghafla "zimeingia". Huyo wa kwanza alikuwa hai; wenzake wawili waliomfuata wamegeuka vijiko?

Nitaambiwa mbona wazee husema "mbuzi zangu", "ng'ombe zetu". Husema, na siwagombezi. Kimilikishi kina njia yake ya zamani, ndiyo hiyo inayotupa "ndugu zangu" na "rafiki zangu". Lakini msikilize mzee huyo mpaka mwisho wa sentensi: "Ng'ombe zetu wamerudi." Kitenzi hakitikisiki. Anayesema "ng'ombe zimerudi" hana mzee wa kumtetea. "Inzi" badala ya "nzi" nakubali bila neno. Hilo ni umbo tu, uhai wake uko palepale.

Sura ya Al-Hajj, aya ya 73, inasema wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu hawawezi kuumba hata nzi, na nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukirudisha. Akiwapokonya. Jaribu kuandika "ikiwapokonya" uone jinsi hoja yote inavyoporomoka: nguvu ya aya iko kwa mdudu mdogo aliye hai, anayeyashinda masanamu yasiyo na uhai.

Kuhusu kutii: Biblia haisemi kwamba nzi walimtii mungu wa Ekroni. Wagiriki walikuwa na Zeu Mfukuza-nzi, na Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2, anaeleza kwamba walimtolea sadaka Olympia ili nzi waondoke. Huenda hata mungu wa nzi aliombwa awafukuze, si awatawale.

Andika "Beelzebuli" unapozungumzia Injili na "Baal-zebubu" unapozungumzia Ekroni. Swali lako lisomeke: "Je, nzi walimtii kweli?"