Kabla hujaomba ishara, soma mkataba

Wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa njia panda, unajuaje kwamba Mungu amesema nawe?"

Naanza kwa kulibishia swali kidogo. Linachukulia kwamba kwenye kila njia panda Mungu ana jibu moja alilolificha, na kazi ya Mkristo ni kufukua hadi alipate. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Njombe, na wengi wanaonijia niwaombee juu ya uamuzi fulani tayari wanajua ya kutosha kuamua. Kinachowatisha ni kuamua kwenyewe. Wanataka aamue mwingine, ili mambo yakiharibika lawama isiwaangukie wao.

Ndiyo maana ngozi ya Gideoni inapendwa sana: ile ya kondoo aliyoitandaza nje usiku, akimwomba Mungu umande uilowanishe hiyo tu, na usiku uliofuata iwe kavu hiyo tu, iwe ishara kwake. "Nimemwekea Mungu ngozi," kijana ananiambia, "wakinipigia simu kabla ya Ijumaa, nitajua kazi hiyo ni yangu." Lakini ukisoma Waamuzi sura ya 6 utaona Gideoni alikuwa ameshatumwa waziwazi, tena ameshahakikishiwa kuwashinda Wamidiani. Ngozi ilitokana na woga, naye alilijua hilo: mara ya pili alianza kwa kumsihi Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia, basi. Haikuandikwa ili tuifanye desturi.

Ukitaka ishara ya kuigwa, nenda Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu ametumwa akamtafutie Isaka mke. Anafika kisimani jioni na ngamia 10, anaomba: binti nitakayemwomba maji, naye akasema "kunywa, na ngamia wako nitawanywesha pia", huyo ndiye. Wengi tunasoma kana kwamba ni bahati nasibu. Sivyo hata kidogo. Ngamia aliyetoka safari ndefu anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na hapo maji yanatekwa kwa mtungi, kuteremka kisimani na kupanda. Binti anayejitolea kufanya kazi hiyo kwa mgeni asiyemjua ameshaonyesha tabia yake yote. Mzee yule alikuwa akiomba na huku akimpima mchumba kwa akili timamu. Hata yule binti, Rebeka, alipokwisha kuanza kuteka, yeye alinyamaza akimkazia macho, na baadaye akauliza ni binti wa nani. Mwishoni ndugu zake wakamwita msichana mwenyewe, wakamwuliza kama atakwenda na mtu huyu. Akajibu: nitakwenda.

Kipande hicho cha mwisho ningependa kisomwe kwenye kila kwaya ya vijana. Kuna mtindo wa kaka kumfuata dada na kumwambia, "Bwana amenionyesha wewe ndiwe mke wangu." Namfahamu binti aliyeambiwa hivyo na vijana wawili wa kwaya moja, ndani ya mwezi mmoja. Alicheka, akaolewa na wa tatu, aliyesema tu kwamba anampenda na kuleta mshenga nyumbani. Paulo katika 1 Wakorintho 7:39 anasema mjane yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, "katika Bwana tu." Mpaka umewekwa, na ndani ya mpaka huo ana hiari yake.

Kuhusu manabii nitakuwa mkali zaidi. Siku hizi mtu anapanda basi hadi Dar es Salaam kwenda kuambiwa auze kiwanja au asiuze. Na asome 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa ameagizwa asile wala asinywe huko Betheli. Nabii mmoja mzee akamfuata, akamwambia malaika ameleta agizo jipya. Alikuwa anamdanganya. Yule akarudi naye, akala, na alipoondoka simba akamkuta njiani akamwua. Sisemi Mungu hatumii watu kutuonya. Nabii Agabo alimwonya Paulo kwamba atafungwa Yerusalemu, Matendo 21. Ila Agabo alisema kitakachotokea. Hakumwamulia Paulo la kufanya. Ndugu wakamsihi kwa machozi asiende, naye akaenda, nao wakanyamaza wakisema mapenzi ya Bwana na yatendeke.

Sasa niwape kisa cha hapa kwetu. Binti mmoja wa jumuiya yetu alipata wakala wa kumpeleka Oman, kazi za ndani. Mama yake ana kisukari. Alikuja kwangu akiwa kwenye mfungo, macho yamemwingia ndani, akitaka niungane naye mpaka Bwana aseme. Nikamwuliza kama ana mkataba. Ulikuwa kwenye mkoba, hajausoma, umeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Tukamwita mwalimu wa sekondari, tukaupitia mstari kwa mstari: mshahara, siku ya mapumziko, pasipoti itakaa kwa nani, nauli atalipa nani akitaka kurudi kabla ya muda. Tukatafuta namba ya ubalozi wetu Muscat. Kaka yake naye tukamwuliza nani atakuwa anampeleka mama kliniki. Hayo yote mimi nayahesabu kuwa sehemu ya maombi. Yakobo anasema aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, naye atapewa. Ahadi yenyewe ni hekima, na hekima hupewa mtu ili aitumie.

Mfungo ulikuwa na kazi yake, ila si ile aliyoidhania. Nilimshauri aufunge ili ajichunguze: anafuata riziki, au anamkimbia mchumba aliyemwacha? Hapo ndipo maombi yanapouma, na ndipo tunapopapita haraka. Ndugu zetu Wakatoliki wana shauri la Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, la karne ya 16, nami nalitumia bila aibu ingawa ni Mlutheri: roho ikiwa imekauka na kukata tamaa, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na utulivu. Yaani barua ya kuacha kazi usiiandike jioni ya ugomvi, wala wiki ya matanga.

Na "mlango umefunguka" nao si ushahidi. Yona alipomkimbia Mungu alikuta merikebu Yafa inakwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Paulo alifunguliwa mlango wa kuhubiri katika mji wa Troa, akauacha, kwa kuwa hakumwona mwenzake Tito na roho yake haikutulia. Ni yeye mwenyewe anayesimulia katika 2 Wakorintho 2. Halafu alipotii yale maono ya mtu wa Makedonia aliyemwita avuke akawasaidie (Matendo 16), huko Filipi alichapwa bakora na kutiwa gerezani.

Binti yule hakwenda Oman. Rafiki yake wa jumuiya hiyohiyo, aliyepata mkataba kwa wakala yuleyule na kuusoma pamoja naye, alikwenda, na hutuma fedha kwao. Waliomba pamoja, wakaamua tofauti. Mama mmoja kanisani aliniuliza ni nani kati yao aliyemsikia Mungu. Nilimjibu kwamba sioni kwa nini mmoja wao lazima awe amemkosa.