Muulize Mhandisi: Petroli itanilipa?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Masasi. Nataka kusoma uhandisi wa petroli, ila mjomba anasema nitaishia kuuza vocha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba amezidisha chumvi, lakini si mwongo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam 2004. Miaka 30! Sekta hii haina haraka na cheti chako.

Tena kisima kikishachorongwa, mtambo unahama na watu wake. Wanaobaki kuendesha uzalishaji ni wachache. Wengi tuliomaliza pamoja wako kwenye migodi na benki.

Kazi yenyewe naipenda, sikufichi. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku. Nilikaa na kimizani kidogo, napima uzito wa matope ya kuchorongea, yale maji mazito yanayojazwa kisimani kuizuia gesi. Yakiwa mepesi mno, gesi inakusukuma kutoka chini. Yakizidi uzito, mwamba unapasuka na matope yanapotelea humo. Hesabu zako za fizikia ndizo hizo, ila hapa ukikosea hupewi mtihani wa marudio.

Ningekuwa wewe, ningeanza na uhandisi wa mitambo, petroli nikaisomea shahada ya pili. Fundi mitambo anatakiwa kwenye gesi, kwenye saruji, hata kwenye bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kama moyo umegoma, jaza uhandisi wa petroli kwenye fomu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wanao, lakini mafunzo kwa vitendo uyatafute mapema.

Kuogelea unajua? Huko baharini utapimwa.