Usifute Windows Jumapili hii: badili programu kwanza, mfumo baadaye

Mkuu wa Makambako, iache hiyo flashi ya kuwekea Linux ilipo na usiiguse kompyuta ya kaunta Jumapili. Umeandika kwamba una kompyuta tatu za stesheneri, kwamba Windows 10 imeachwa bila masasisho, kwamba fundi atakuja kuzifuta zote aweke Linux Mint, yaani mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, na kwamba unachoomba ni orodha tu ya programu mbadala za hesabu za duka, mitihani ya shule, picha za pasipoti, printa na kinga ya virusi, "ili Jumatatu kazi iendelee". Jumatatu hiyo ninaifahamu. Ilinikuta hapa Mwanjelwa, ila kwangu iliangukia Jumamosi.

Fundi wangu alikuja Ijumaa jioni. Nilikuwa nimekwisha kunakili kila kitu kwenye diski ya nje: barua za wateja, picha, mitihani ya miaka mitatu, pamoja na faili la akiba la programu ya hesabu, ambalo programu yenyewe ilikuwa ikilitengeneza kila jioni na kuniarifu kwa maandishi ya kijani kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo nilijiona niko salama. Tulipofika kwenye chaguo la kufuta diski nzima, fundi aliniuliza kama nina uhakika, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyetazama video nne. Saa tatu usiku mashine zote zilikuwa zikiwaka haraka kuliko siku ziliponunuliwa, na nilitembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi yake mhasibu wa shule moja ya sekondari alifika dukani kumaliza deni la kuchapisha mitihani, fedha akiwa nazo mkononi, akaomba mchanganuo wa ankara zake tangu Januari. Mteja wa mkopo anayekuja mwenyewe kulipa ni kama mvua ya Agosti hapa Mbeya, kwa hiyo nilikimbilia ile diski ya nje. Faili lilikuwepo, zima kabisa, likiwa na alama ya karatasi tupu kwa sababu mfumo mpya haukujua ni la nani. Nilipolibofya niliambiwa kwamba hakuna programu ya kulifungua. Nikalilazimisha lifunguke ndani ya LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na ya majedwali, na nilichopata ni kurasa nyingi za vijumba na herufi zisizosomeka, na katikati ya takataka hizo likachungulia jina la shule ileile, bila tarehe wala kiasi. Mhasibu alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta akiniangalia. Nilimwambia kwamba mtandao unasumbua. Sikuwa hata nimeunganisha intaneti.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza. Barua iliyoandikwa kwa Word inaweza kufunguliwa na programu nyingine kwa sababu muundo wa faili lake unajulikana na umeshughulikiwa kwa miaka mingi. Programu nyingi ndogo za hesabu, zile tunazouziwa na mawakala pamoja na namba ya leseni, huhifadhi kumbukumbu katika hifadhidata yake yenyewe, na faili lake la akiba husomwa na programu hiyohiyo peke yake. Nilikuwa nimehifadhi kitabu na kuyachoma macho yanayoweza kukisoma.

Nilijaribu Wine, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1993 ili programu za Windows ziendeshwe ndani ya Linux, na ambayo kwa programu nyingi hufanya kazi kubwa. Yangu haikuwa mojawapo. Ilihitaji huduma ya hifadhidata inayofanya kazi chinichini, na huduma hiyo iligoma kuwaka kila nilipojaribu. Siku ya tatu nilirudisha Windows kwenye mashine moja, nikaweka programu upya, ikadai leseni. Leseni ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye usakinishaji ule nilioufuta kwa mkono wangu. Wakala alinisikiliza kwa upole mwingi, kisha akanitajia shilingi 250,000 za leseni mpya na kuniahidi kwamba nitaipata "ndani ya siku mbili tatu". Siku zake mbili tatu, ukijumlisha na zangu za kuhangaika, zilifika tisa.

Hizo siku tisa ndizo zilizonimaliza, wala si ile 250,000. Duka lilikuwa linadai watu wengi na mimi sikuwa na daftari la karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimelidharau tangu nilipoanza kujiita mtu wa kidijitali. Nilihitaji fedha za karatasi na wino, hivyo niliwapigia wadaiwa na kuwauliza kila mmoja anadaiwa kiasi gani, jambo ambalo ukiliwaza kwa utulivu ni sawa na kumwuliza fisi uzito wa mbuzi. Wengine walisema kweli, Mungu awabariki. Wengine walitaja nusu, wakalipa nusu hiyo, wakaomba risiti ya kumaliza deni, nami nikaandika "imelipwa yote" na kugonga muhuri. Hesabu zilipofunguka siku ya kumi, nililinganisha mstari kwa mstari na kukuta upungufu wa shilingi 640,000, ukiwa umelindwa na muhuri wangu mwenyewe. Huwezi kwenda kokote na kesi ya namna hiyo.

Kijana wa video, ambaye simtaji na ambaye bila shaka bado anapokea pongezi, alisema kwa dakika kumi, muziki ukilia nyuma yake, kwamba kila programu ya Windows ina ndugu yake upande wa Linux. Alikuwa na jedwali zuri lenye safu mbili: huku Photoshop, kule GIMP, huku Word, kule LibreOffice, huku programu za hesabu, kule GnuCash. Jedwali lile si la uongo, na ndiyo maana linaumiza. Linakuambia ni programu gani inafanya kazi ya aina ileile, wala halikuambii hata kidogo kama hiyo programu inaweza kusoma kumbukumbu zako za jana. GnuCash ni programu nzuri ya hesabu, nami naitumia hadi leo, lakini siku ile ilikuwa ni daftari jeupe lenye jalada zuri. Fundi naye, ambaye alilipwa, hakuwahi kuuliza swali hata moja kuhusu duka linaendeshwaje. Aliuliza tu kama kuna chai.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: badili programu ukiwa bado ndani ya Windows, na mfumo uwe wa mwisho kubadilishwa. Hata kwenye mitumba hapa Mwanjelwa mtu hujaribu suruali mpya juu ya ile aliyoivaa. Hakuna anayevua ya kwanza na kuigawa kabla hajajua kama ya pili inampita kiunoni. Jambo hili linawezekana kwa sababu karibu programu zote utakazotajiwa, yaani LibreOffice, GIMP, Inkscape ya michoro, Scribus ya kupanga kurasa, GnuCash na VLC ya video, zipo pia kwa Windows na zinapatikana bure. Ziweke leo kwenye mashine hizohizo, uzifanyie kazi za wateja halisi mwezi mzima au miwili, na kila utakapolazimika kurudi kwenye programu ya zamani andika ni kwa nini. Orodha yako ya mbadala itatoka hapo, na itakuwa ya duka lako. Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili, siku ya kuhama wasichana wa kaunta waliona picha ya nyuma tu ndiyo imebadilika.

Wala usitishwe na tarehe. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025, lakini mashine hazikuzimika siku hiyo, na ile ya kaunta unaweza kuichomoa kwenye intaneti ikaendelea kuandika hesabu bila kumkera mtu.

Kuhusu mitihani, jambo moja ambalo majaribio ndani ya Windows hayatakuonyesha ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft na haziji pamoja na Linux. Badala yake weka Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, la sivyo mchoro wa jani kwenye swali la saba utaruka ukurasa wa pili na mishale yake itabaki ikionyesha hewa. Picha za pasipoti GIMP inaziweza, ingawa wiki ya kwanza utaitukana.

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo utakapofia. Jumapili hii, badala ya kumwita fundi, fungua programu yako na utafute sehemu ya kutoa ripoti kwenda Excel au CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalosomwa na programu nyingi. Toa orodha ya wadaiwa pamoja na salio la kila mmoja, ankara zote za mwaka, bidhaa zilizopo na bei zake, kisha ichapishe ile ya wadaiwa kwenye karatasi, hata kama utanicheka. Mafaili hayo yapeleke kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu yako, hata iwe ya kijana wa chuo hapo jirani, uyafungue kwa LibreOffice na ujumlishe safu ya madeni. Jumla ikilingana na ile ya kwenye programu hadi shilingi ya mwisho, rudi hapa tuzungumze habari za kufuta diski.