Mjukuu wangu ni wa ukoo gani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu amezaa na Mchina aliyekuja na kazi ya reli. Mkataba ulipoisha akarudi kwao. Matumizi anatuma, ila ndoa haikufungwa. Mtoto anaingia darasa la kwanza. Mume wangu anasema sisi Waha mtoto hufuata baba, kwa hiyo huyu si wetu, asiandikishwe kwa jina lake yeye mume wangu. Nifanyeje? – Bibi, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba, bibi mwenzangu. Nianze na karatasi, maana hapo hapana ubishi: aliyezaliwa Kigoma na mama Mtanzania ni Mtanzania. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nenda RITA, wanaosajili vizazi, wilayani kabla shule hazijafunguliwa. Uraia wa China atauamua akifika miaka 18; mtu mzima hashiki wa nchi mbili, kwetu wala kwao.

Sasa mzee. Mila anayoitaja ipo kweli. Ila mila ile ilitegemea kwamba upande wa baba kuna watu wa kumpokea mtoto. Wa huyu wako ng'ambo, hata sura yake hawaijui. Mzee anamfukuza aende wapi?

Wachina walijenga reli Kanada pia, na ilipokamilika mwaka 1885 serikali ikawatoza waliotaka kuingia dola 50 kila mmoja. Kufikia 1903 zilikuwa 500. Wake zao wakabaki China, na wengine wakazaa na wanawake wa asili wa kule. Huko Vancouver walilima mboga kwenye ardhi ya Wamusqueam, kabila moja la wenyeji hao. Mwanamke wa asili akiolewa na Mchina, sheria ilimfuta kwenye daftari la watu wake, yeye na watoto. Imerekebishwa 1985 tu! Larry Grant, baba Mchina na mama Mmusqueam, leo ni mzee wa Wamusqueam na amefundisha lugha yao chuo kikuu. Daftari lilimkataa, kwa mama yake hawakumkataa. Msomee mzee wako hapo, polepole.

Kisha mwache mzee aende na mtoto Kibirizi asubuhi dagaa wanapoanikwa. Watu watauliza huyu nani, naye itabidi ajibu mwenyewe, mtoto akisikia.

Upande wa baba usiufiche. Binti amwombe picha za wazazi wake, jina la kijiji, na jina la mtoto kwa maandishi ya Kichina. Vyote vichapishwe, viwekwe pamoja na cheti. Simu huibiwa.