Mbao za jahazi na meza ya Rais wa Marekani

Kijana akianza kazi kwenye karakana yetu hapa Lamu, siku ya kwanza simpi patasi. Nampa koleo na ubao wa jahazi lililovunjwa, atafute misumari. Wengi hununa. Mimi pia nilinuna, mpaka msumari uliojificha chini ya kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za chombo, ukang'oa makali ya randa ya mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikulala siku hiyo.

Mbao hizi zimekula chumvi na sifa, yaani mafuta ya papa, miaka mingi. Usizikimbize na msasa ziwe mpya. Mteja anayetaka mpya aende dukani.

Wanaoona kazi ya mabaki ni ya kimaskini, nawaambia habari ya meza ya Ikulu ya Marekani. Meli ya Uingereza iitwayo Resolute ilinaswa na barafu kule kaskazini, mabaharia wakaiacha 1854. Mwaka uliofuata wawindaji nyangumi wa Marekani wakaikuta inaelea haina mtu. Marekani ikaikarabati na kumrudishia Malkia Victoria. Ilipokuja kuvunjwa, malkia akaagiza meza kutokana na mbao zake za mwaloni, akampelekea Rais Hayes 1880. Ile ofisi ya rais yenye umbo la yai haikuwepo bado. Ilijengwa 1909 zama za Taft, na meza haikuingia humo hadi 1961, wakati wa Kennedy.

Sasa tazameni yaliyoipata. Rais Franklin Roosevelt, ambaye miguu yake iliyopooza ilifungwa vyuma, hakutaka wageni waione, akaagiza kijilango cha mbele chenye nembo ya tai. Alifariki 1945 kabla hakijafungwa. Baadaye ikatiwa kitako chini, iinuke. Kwa hiyo mteja akirudi na kabati ulilomtengenezea, akitaka mguu mrefu zaidi au mlango ambao hukuufikiria, usivimbe. Muulize anataka kuficha nini au kuinua nini, ndipo upime. Na kipande kipya kisijifanye cha kale.

Jingine ni la hiyo Ikulu yenyewe. Mwaka 1948, enzi za Truman, mguu wa piano ulitoboa sakafu ya juu. Walipofungua wakakuta boriti zimekatwakatwa na mafundi wa mabomba na umeme, kila mmoja kwa zamu yake, kila mmoja kidogo tu. Wakaitoa nyumba nzima matumbo, wakabakisha kuta za nje, wakasimamisha chuma ndani. Kazi ikaisha 1952. Sisi hapa tunaokarabati nyumba za mawe tunaijua hiyo "kidogo tu". Fundi wa umeme akikuomba utoboe boriti apitishe waya, mwambie azunguke ukutani. Akikasirika, na akasirike.

Ile meza ina kibati kinachoeleza ilikotoka. Hilo ndilo tulilokuwa hatufanyi. Nimewahi kuuza benchi zuri la mataruma, zile mbavu za jahazi, mnunuzi akaniuliza jahazi gani, nikabaki kukuna kichwa. Tangu hapo pana daftari nyuma ya mlango: jina la chombo, kilikoundwa, kijijini Matondoni au kwengineko, mwaka kilipovunjwa, na ubao umeingia kwenye kitu gani. Andika kabla hujashika msumeno. Kalamu imefungwa kwa kamba kwa sababu mnaziiba.